Neno jepesi la Kiingereza tulifafanueje kwa mtoto wa darasa la tatu?

#1 Mzazi wa Kigamboni

Habari zenu, wanajukwaa. Mwanangu yuko darasa la tatu katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili. Katika daftari lake la Kiingereza nimekuta orodha ya maneno yaliyonakiliwa kutoka ubaoni pamoja na fasili zake. Mbele ya "chair" imeandikwa "a piece of furniture for one person to sit on", na mtoto anaikariri fasili hiyo bila kukosea hata herufi. Nilipomuuliza "furniture" ni nini, alinyamaza. Nilipomuuliza "chair" ni nini, alishika kiti alichokalia.

Kwa maoni yangu, mtoto huyu analijua neno ila haijui fasili, na bado katika jaribio atapewa alama kwa ile fasili. Naomba tujadili namna ya kufafanua maneno ya kila siku, kama "chair", "hand", "uncle", "borrow" na "rice", kwa mtoto wa miaka minane au tisa ambaye nyumbani anazungumza Kiswahili. Je, tutumie Kiswahili, Kiingereza chepesi, picha, au tuache kabisa kufafanua? Msimamo wangu ni kwamba fasili yenye neno gumu kuliko neno linalofafanuliwa haimfai mtoto hata kidogo.

#2 Chaki Nyeupe

Mzazi, nakuunga mkono kwa sehemu kubwa, nami ni mwalimu wa madarasa hayo hayo. Kiingereza katika shule zetu za Kiswahili huanza darasa la tatu, kwa hiyo mtoto anayepewa fasili ya "chair" kwa sentensi nzima ndiyo kwanza anajifunza kusema "this is". Kiti kipo darasani, na mwalimu anaweza kukigusa. Kwa vitenzi, namna iliyonifaa zaidi ni amri na kitendo: mwalimu anasema "stand up", anasimama, nao wanasimama, anasema "open the door", anakwenda kuufungua mlango. Njia hiyo ilienezwa na Mmarekani James Asher kuanzia miaka ya 1960, na ubora wake kwa darasa lenye watoto wengi ni kwamba haihitaji kitabu wala picha.

Hata hivyo, siwezi kuruka kila neno. Kuna maneno yasiyogusika, na hapo ndipo tunaporudi kwenye fasili.

#3 Mpenda Kamusi

Tatizo alilolieleza mzazi lina umri mrefu. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alilifafanua neno "network", ambalo wakati huo lilimaanisha kitu kilichosukwa kama wavu, kwa kutumia maneno "reticulated" na "decussated". Msomaji asiyejua "network" hakuwa na namna yoyote ya kuyajua hayo mawili. Tiba ilipatikana mwaka 1978, pale kamusi ya Longman ya wanafunzi wa Kiingereza ilipokuwa ya kwanza kufafanua maneno yake yote kwa msamiati maalumu wa maneno yapatayo 2000 tu. Kwa hiyo jibu tunalo tayari: walimu wachague orodha fupi ya maneno ambayo watoto wameshayajua, na fasili zote zitokane na orodha hiyo.

#4 Bandari Salama

Masahihisho madogo kwa Chaki Nyeupe. Kiingereza kuanza darasa la tatu ni utaratibu wa mtaala ulioanza mwaka 2015, ambao ulitenga darasa la kwanza na la pili kwa ajili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, Kiingereza kinaingia tangu darasa la kwanza. Jambo hili linaufanya uzi huu uwe na uzito zaidi, maana sasa tunamzungumzia mtoto wa miaka sita au saba, ambaye hata kusoma kwa Kiswahili bado kunampa taabu.

#5 Mtafsiri wa Tanga

Sioni kwa nini tunazunguka. "Chair" ni kiti. Neno moja kwa neno moja, mtoto ameelewa, somo linaendelea. Kutumia dakika tano kuigiza "chair" wakati darasa zima linajua kiti ni nini ni kupoteza kipindi. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 imefanya kazi hiyo kwa maelfu ya maneno. Mwalimu aifungue, achague neno la Kiswahili linalolingana, aandike ubaoni.

#6 Mdau wa Nakuru

Huku kwetu Kenya hali ni tofauti kidogo. Katika mtaala wa umilisi, lugha ya eneo au Kiswahili ndiyo inayotakiwa kufundishia katika gredi ya kwanza hadi ya tatu, huku Kiingereza kikiwa somo, kisha kuanzia gredi ya nne Kiingereza kinatawala. Mijini, hata hivyo, watoto wengi wanakisikia Kiingereza tangu chekechea. Mtoto wa hapa Nakuru anaweza kuwa anajua "chair" kabla ya kiti, kwa hiyo ushauri wa Mtafsiri wa Tanga ungemlazimu mwalimu afundishe maneno mawili badala ya moja. Kabla ya kuchagua njia, tuulize kwanza mtoto ana lugha gani kinywani.

#7 Chaki Nyeupe

Nashukuru, Bandari Salama.

Kwa Mtafsiri wa Tanga: kwa "chair" nakubaliana nawe kabisa. Lakini endelea na orodha ya mzazi. "Hand" ni mkono. "Arm" nayo ni mkono. "Foot" ni mguu, "leg" ni mguu, "finger" ni kidole, "toe" ni kidole. Mtoto aliyeandika jozi hizo daftarini amejifunza kwamba Waingereza wana majina mawili ya kitu kimoja, na atayatumia apendavyo. Nimesahihisha insha ambamo mtu amevaa viatu kwenye "legs" na amekula ugali kwa "arm". Kosa hilo halikutokana na uvivu wa mtoto. Lilitokana na tafsiri ambayo sisi wenyewe tulimwandikia ubaoni.

Kwa neno kama hilo mimi huandika hivi: "Your hand is at the end of your arm. You hold a pen with your hand." Sentensi mbili, zote ni za maneno anayoyajua, na ya pili inamwonyesha mkono ukifanya kazi.

#8 Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mwalimu, Kiswahili si maskini kiasi hicho. Sisi tunasema kitanga cha mkono, na wengine husema kiganja. Ukimwambia mtoto kwamba "hand" ni sehemu ya mkono kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, kwa Kiswahili safi, ataelewa mara moja na hatachanganya tena. Tatizo liko katika kutaka kila tafsiri iwe ya neno moja, ilhali Kiswahili kinaweza kueleza kwa sentensi kama lugha nyingine yoyote.

Nami naongeza upande wa pili wa jambo hili, ambao haujatajwa. Chukueni neno "kali". Pilipili kali ni "hot", kisu kikali ni "sharp", mbwa mkali ni "fierce", mwalimu mkali ni "strict". Mtoto anayejua "sharp" peke yake atatuandikia kwamba mwalimu wake ni "sharp", na Mwingereza atadhani mwalimu anasifiwa kwa akili. Kwa maneno ya namna hii fasili isimame pamoja na kitu chake: "A knife that cuts well is sharp." Bila kisu, hakuna "sharp".

#9 Maktaba ya Kata

Mpenda Kamusi amesema Longman ya 1978 ilikuwa ya kwanza kuweka mpaka wa maneno ya kufafanulia. Sivyo. Michael West na James Endicott walitoa kamusi yao ya wanafunzi wa Kiingereza mwaka 1935, wakafafanua maneno yote kwa msamiati wa maneno 1490 tu. West alikuwa amefundisha Bengal kwa miaka mingi, kwa hiyo tatizo alilolishughulikia linafanana sana na letu: watoto wanaosoma Kiingereza katika nchi ambayo Kiingereza si lugha ya nyumbani. Mwaka 1953 akatoa orodha yake mashuhuri ya maneno yapatayo 2000 yanayotumika zaidi. Longman waliijenga kazi yao juu ya msingi huo.

Ila nina shaka kama orodha hiyo inamfaa mtoto wa darasa la tatu. Maneno 2000 ni mengi mno kwake. Hayo ndiyo anayojitahidi kuyafikia kwa miaka kadhaa. Ukimwambia mtoto kwamba fasili imeandikwa kwa maneno mepesi 2000 wakati yeye anajua 150, bado umemfungia mlango.

Njia ninayoiona bora ni ile ya kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyotayarishwa chini ya John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Wao waliacha vipande vya fasili kama kile cha "a piece of furniture" na kufafanua kwa sentensi kamili, nyingi zikianza na "if" na kumzungumzia msomaji kama "you". Mwalimu yeyote mzuri huongea hivyo darasani. Sentensi mbili za Chaki Nyeupe hapo #7 zinafuata mtindo huo huo.

#10 Mpenda Kamusi

Nashukuru kwa taarifa za West, Maktaba ya Kata. Hoja yangu ya msingi inabaki: bila mpaka wa maneno, kila mwalimu ataandika fasili kwa Kiingereza chake mwenyewe, na mtoto anayehama shule atakuta lugha nyingine. Kama 2000 ni mengi, basi ziwe 200. Mpaka wenyewe ndio muhimu.

#11 Mzazi wa Kigamboni

Nawashukuru wote. Naona "hand" imepata mwanga, naomba twende kwenye "uncle", maana hapo mwanangu alinigomea. Daftari linasema "uncle: mjomba". Yeye anasema si kweli, kwa sababu baba yake mdogo anaitwa "uncle" katika kitabu kile kile. Aidha, dereva wa bodaboda anayempeleka shule anaitwa anko na watoto wote wa mtaani. Nilikosa la kumwambia.

#12 Mvita

Mtoto yuko sahihi na daftari lina upungufu. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa, na sisi wa pwani humwita pia ami. Kiingereza kinawaweka wote chini ya neno moja, pamoja na mume wa shangazi. Kwa hiyo fasili nyepesi na ya kweli ni "Your uncle is your mother's brother or your father's brother." Maneno yote hayo yanafundishwa mapema, na mtoto anaweza kuijaza kwa majina ya watu wake mwenyewe. Huyo dereva ni heshima ya mitaani tu, aachwe nje ya daftari.

#13 Kivu ya Kusini

Jambo, ndugu. Naandika kutoka Bukavu. Hapa watoto wetu wanaongea Kiswahili nyumbani, shuleni wanakutana na Kifaransa, na Kiingereza kinakuja baadaye. Kwa "arm" na "hand" hatupati shida ileile mliyonayo, kwa sababu Kifaransa nacho kinatenganisha: "bras" ni "arm", "main" ni "hand". Mtoto ameshavuka mto huo kabla hajafika kwenye Kiingereza. Kwa "uncle" vilevile, "oncle" inachukua pande zote mbili. Hilo linanifanya nimuunge mkono Mdau wa Nakuru: fasili nzuri inategemea lugha ambazo tayari ziko kichwani mwa mtoto, na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam hakiwezi kutosha Bukavu hata kama wote tunaongea Kiswahili.

#14 Mtoto wa Unguja

Mmeisahau "rice", na mimi siwezi kukubali ipite hivi hivi. Shambani ni mpunga, gunia la dukani lina mchele, sahani ina wali. Mwingereza anasema "rice" mahali pote patatu. Mkiandika "rice: wali", mtoto atashangaa kusikia kwamba "rice" inapandwa kwenye maji, mkiandika "rice: mchele", atashangaa kusikia kwamba watu wanaila. Picha nayo haisaidii, kwa sababu mchoraji lazima achague sahani au gunia. Mimi ningeandika yote matatu ya Kiswahili mbele ya neno moja la Kiingereza na kumwachia mtoto furaha ya kujua kwamba lugha yake ina maneno mengi zaidi hapo.

Halafu kuna "coconut", ambayo kwa Mwingereza ni dafu na ni nazi pia. Wenzetu wa bara ambao dafu mnaliita nazi changa mtakuwa na kazi rahisi kuliko sisi.

#15 Bandari Salama

Mtoto wa Unguja, sisi wa Dar es Salaam dafu tunalinywa na jina lake tunalijua. Hao wa nazi changa watafute mbali zaidi.

#16 Mlezi wa Kibaha

Naomba niturudishe kwenye suala la picha na kugusa, kwa sababu limesifiwa hapo #2 na kulaumiwa hapo #14, na ninaona pande zote zimeacha kitu muhimu. Ukigusa kiti na kusema "chair", mtoto hana uhakika kama umetaja kiti, mbao, rangi au kukaa. Anachohitaji ni kulinganisha. Kuna utafiti unaojulikana sana wa Susan Carey na Elsa Bartlett, wa mwaka 1978, ambamo watoto wadogo waliombwa walete sinia fulani, wakaambiwa kwamba si lile la rangi waliyoijua jina lake, bali lile la "chromium", neno ambalo hawakuwahi kulisikia likitumika kwa rangi. Walileta sinia sahihi, na baadaye baadhi yao walikumbuka kwamba neno hilo lilihusu rangi. Hakuna aliyewapa fasili. Walipewa kitu kimoja kando ya kingine.

Kwa hiyo "cup" ifundishwe kando ya "glass" na "bowl", vyombo vitatu juu ya meza. Hata watu wazima wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni hawana mpaka mkali kati ya vyombo hivyo: William Labov alionyesha mwaka 1973 kwamba mchoro uleule wa chombo waliuita "cup" wakifikiria kahawa ndani yake, na zaidi "bowl" wakifikiria chakula. Ikiwa wenyewe wanayumba, hatuna sababu ya kumpa mtoto wa miaka minane sentensi inayodai kumaliza kila kitu. Tumpe mifano mingi iliyo wazi, na vitu vichache vilivyo karibu ambavyo sivyo.

#17 Mtafsiri wa Tanga

Mlezi wa Kibaha, hoja ni nzuri, lakini watoto wa utafiti huo walikuwa wakijifunza lugha yao ya kwanza, wakiwa na siku nzima ya kuisikia. Mtoto wetu anapata vipindi vichache kwa wiki, na akitoka darasani Kiingereza kinabaki darasani. Muda ni mfupi, na Kiswahili ndicho chombo cha haraka zaidi alichonacho. Nakubali kwa "hand", "uncle" na "rice" kwamba neno moja halitoshi, na hapo nafuata ushauri wa Mvita wa kueleza kwa sentensi. Ila sikubali kwamba Kiswahili kiondolewe ubaoni ili somo lionekane la kisasa.

#18 Chaki Nyeupe

Hakuna aliyesema kiondolewe, ndugu yangu. Nasema kisiachwe peke yake. Angalia kitenzi "sikia". Kwa Kiswahili nasikia sauti, nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa. Mtoto akiandikiwa "hear: sikia", siku ya insha ataandika "I hear cold" na "I hear hungry", nami nimeyasahihisha haya mara nyingi kuliko kosa lingine lolote la vitenzi. Suluhisho langu ni kukifunga kila kitenzi kwenye kiungo chake: "You hear with your ears. You smell with your nose." Kwa "feel" naweka kiganja kwenye ukuta na kwenye chupa ya maji. Njaa huiacha kwa siku nyingine, nikiwafundisha "I am hungry" kama kipande kizima.

#19 Maktaba ya Kata

Chaki Nyeupe ametaja jambo ambalo kamusi hazilisemi vizuri: kuna maneno ya kufundishwa kama vipande bila kufafanuliwa. "I am hungry" ni mmoja wa mifano hiyo. "The", "of" na "do" ni mifano mingine. Ukijaribu kufafanua "of" kwa mtoto utaandika ukurasa mzima na hatapata kitu, lakini "a cup of tea" anaielewa mara ya kwanza. Ningependekeza orodha yoyote ya fasili ianze kwa kuyatoa maneno ya namna hii nje.

#20 Mdau wa Nakuru

Na "borrow" tumeiacha. Huku darasani tunasikia "borrow me your pen" kila siku, hata kwa wanafunzi wakubwa. Chanzo chake ni kwamba "niazime kalamu" inatumia kitenzi kilekile anachotumia anayechukua. Tungewaonyesha mapema kwamba Kiswahili kina azima na azimisha, kopa na kopesha, kazi ingekuwa nusu. Fasili zenyewe naziandika pamoja, kwa sababu zikitenganishwa hazieleweki: "When I lend you my pen, you borrow it." Wanafunzi wawili wanasimama mbele, kalamu inapita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kisha inarudi, na kila mmoja anasema kitenzi chake. Kurudishwa kwa kalamu ni sehemu ya maana, kwa hiyo mchezo usikatizwe kabla haijarudi.

#21 Mvita

Hapo kwenye kurudisha napingana nawe kidogo. Kopa pia kuna kurudisha, lakini pesa unayorudisha si noti ileile uliyopewa, na Kiingereza kinasema "borrow" kote. Mtoto akijifunza kwa kalamu peke yake ataona kwamba lazima kitu chenyewe kirudi. Ongeza mfano wa shilingi.

#22 Mzazi wa Kigamboni

Ninaandika kila kitu. Naomba neno moja zaidi, "afternoon". Daftari linasema "alasiri". Mwanangu anasema saa saba mchana si alasiri, na bibi yake anamuunga mkono.

#23 Mtoto wa Unguja

Bibi ana haki. Alasiri inafuata wakati wa sala, yapata saa tisa na kuendelea. "Afternoon" ya Kiingereza inaanza mara tu saa sita mchana inapopita. Ningeandika mchana na alasiri zote mbili.

#24 Mtafsiri wa Tanga

Mchana nao unaanza kabla ya saa sita, Mtoto wa Unguja. Saa tano mtu anasema ni mchana, na kwa Mwingereza hiyo bado ni "morning".

#25 Chaki Nyeupe

Basi tumchoree saa, akrabu ikitoka kwenye kumi na mbili. Ila kabla ya hapo itabidi tumweleze kwa nini saa sita yetu imeandikwa kumi na mbili kwenye uso wa saa, na hilo kwa watoto wangu huchukua kipindi kizima. Mwenye njia fupi aiandike hapa chini.